Mtaka Siri za Misri Sharti Aanze na Herufi

Ukikaa upande wa kusini wa jiji la Chicago, jambo hili utaliona tena na tena. Jumamosi asubuhi, katika kumbi za jamii, katika vyumba vya nyuma vya maduka ya vitabu, pengine hata sebuleni kwa mtu, watu wazima wameinamia madaftari wakichora bundi. Wengi wao ni Wamarekani Weusi: wauguzi, madereva wa mabasi waliostaafu, bibi aliyekuja na mjukuu wake. Baada ya bundi huja kifaranga cha kware, kisha nyoka mwenye pembe, kisha jani la tete. Darasa hufunguliwa kwa kumwaga maji na kutaja majina ya wahenga, na wakati wa kufunga watu husimama tena wakaomba. Wanajifunza hieroglifu, maandishi ya Misri ya kale. Hawangoji shahada wala nyongeza ya mshahara. Wanajifunza kwa ajili ya roho zao.

Kwetu sisi tuliokuja huku kutoka Afrika Mashariki, jambo hili huzua maneno. Mmoja atasema watu hawa wangeanza kwanza kuijua Afrika ya leo. Mwingine, aliyelelewa kwa kisa cha Musa na Firauni, hushangaa kumwona mtu mwenye akili zake akitafuta nuru kwa Firauni. Nao wasomi wa vyuo vikuu, baadhi yao, huwatazama kwa mbali, wakiamini kwamba kazi hii ina wenyewe.

Mimi siko upande wao. Nasema darasa la namna hii ni jambo la heri na lastahili kuheshimiwa. Ila heri yake yote imo katika kitu kimoja ambacho baadhi ya walimu hukiruka: kusoma kwa kweli. Herufi kwanza, na sauti yake, na sarufi yake, siri zitafuata. Mwalimu anayempa mwanafunzi wake maana za alama kabla ya kumfundisha kuzisoma humnyima ile ibada aliyoijia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika maandishi haya kuinama kwenyewe ndiko sala.

Kiu yenye historia

Kabla ya kuwahukumu watu hawa, tuulize wametoka wapi. Mwaka 1740 koloni la South Carolina lilitunga sheria ya kumtoza faini mtu yeyote atakayemfundisha mtumwa kuandika. Mwaka 1830 North Carolina ilikataza watumwa wasifundishwe kusoma wala kuandika. Kumwonyesha mtoto herufi kulikuwa kosa la jinai, na wapo waliojifunza usiku, kwa siri, wakijua kwamba wakikamatwa watachapwa viboko. Watu waliokatazwa kusoma kwa vizazi vingi, je, ni ajabu wajukuu wao wakitamani kusoma maandishi ya kale kuliko karibu yote duniani?

Misri nayo iligeuzwa silaha dhidi yao. Mwaka 1854 Josiah Nott na George Gliddon walichapisha kitabu kinene kiitwacho Types of Mankind, wakitumia michoro ya makaburi ya Misri na vipimo vya mafuvu kudai kwamba Mwafrika aliumbwa awe mtumwa. Kitabu hicho kilisomwa sana na kutetewa na wenye mashamba ya watumwa. Kwa hiyo Mmarekani Mweusi anapofungua daftari na kuanza kuyasoma mawe hayo mwenyewe, anarudi kwenye ushahidi uliotumiwa kumdhalilisha, auhoji kwa macho yake.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tumo katika historia hii zaidi ya tunavyodhani. Mwaka 1966, Maulana Karenga alipoanzisha sikukuu ya Kwanzaa huko California, alichagua lugha yetu. Umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani: kila mwaka kuanzia Desemba 26 hadi Januari 1 maneno hayo hutamkwa katika nyumba ambazo hazijawahi kumpokea mgeni kutoka Tanga wala Mombasa. Karenga huyohuyo baadaye alizama katika Misri ya kale, na mwaka 2004 akatoa kitabu kikubwa juu ya Maat, yaani ile kanuni ya ukweli, haki na uwiano ambayo Wamisri waliihesabu kuwa nguzo ya ulimwengu. Hapa Chicago, Jacob Carruthers na wenzake walianzisha Kemetic Institute mwaka 1978, na mwaka 1984 wasomi waliokutana Los Angeles wakaunda jumuiya ya kuchunguza ustaarabu wa kale wa Afrika. Hao hawakutaka kuzungumza juu ya Misri kwa kusikia. Carruthers alishikilia kwamba lugha yenyewe lazima ifundishwe.

Walikuwa wamewaona wakubwa wao. Mwaka 1974, katika kongamano lililoitishwa na UNESCO jijini Cairo, Cheikh Anta Diop wa Senegal na Théophile Obenga wa Congo-Brazzaville walikaa meza moja na wataalamu wa Misri kutoka Ulaya na nchi za Kiarabu, wakabishana kwa siku kadhaa kuhusu asili ya Wamisri wa kale. Wapo waliokubaliana nao na wapo waliowapinga. Lakini hakuna aliyeweza kuwaambia kwamba hawajui kusoma. Walikuja na sarufi mkononi. Huo ndio urithi ambao darasa la Jumamosi linapaswa kuulinda.

Bundi si busara, wala si uchuro

Mchukue bundi yule aliyejaa madaftarini. Pwani kwetu, bundi akilia juu ya paa watu hunong'ona kwamba kuna msiba. Marekani, bundi huchorwa kwenye vitabu vya watoto amevaa miwani, kwa kuwa anahesabiwa mwenye hekima. Sasa mwanafunzi mpya anapomkuta bundi ukutani mwa hekalu, moyo wake unakimbilia wapi? Kifo? Hekima? Usiku wa nafsi? Mwalimu anayejua kazi yake atamtuliza: huyo ni sauti ya M. Nyoka mwenye pembe ni F. Mawimbi ya maji ni N, mdomo ni R, mkate ni T, mguu ni B. Alama kama hizo, zenye sauti moja moja, ni kama ishirini na nne. Zipo nyingine zenye sauti mbili au tatu. Zipo pia zisizotamkwa kabisa, ambazo hukaa mwisho wa neno kumwonyesha msomaji kama linalotajwa ni mtu, mji, safari au jambo la mawazo. Kwa jumla, msomaji wa maandishi ya kipindi cha kati cha Misri ya kale hukutana na alama mia saba hivi.

Mtu atauliza: kwani kuna ubaya gani kuzipa alama maana za kiroho? Mbona zinapendeza? Jibu limo katika historia, na ni jibu zito. Maandishi ya mwisho ya hieroglifu tunayoyajua yalichongwa katika hekalu la kisiwa cha Philae, tarehe 24 Agosti mwaka 394 baada ya Kristo. Baada ya hapo waliojua kusoma walikwisha mmoja mmoja. Wale waliobaki wakitamani maarifa hayo walishika imani kwamba kila picha ni fumbo la hekima na si sauti. Karne ya tano, kitabu kinachohusishwa na Horapollo kilieleza kwamba Wamisri waliandika neno "mwana" kwa picha ya bata bukini kwa sababu ndege huyo huwapenda mno watoto wake. Maana hiyo ilikuwa sahihi, kwani picha ya bata kweli husimama badala ya "mwana". Lakini sababu ilikuwa ya kubuni. Jina la ndege huyo na neno la mwana vilikuwa na konsonanti zilezile, basi mwandishi akaazima picha kwa ajili ya sauti.

Kosa hilo dogo lilizaa makubwa. Katika karne ya 17, Athanasius Kircher, padri Mjesuiti na mmoja wa wasomi wakubwa wa Roma, aliandika majuzuu manene ya kufasiri hieroglifu kwa njia hiyo ya mafumbo. Palipoandikwa jina la mfalme tu, yeye aliona sentensi ndefu juu ya miungu na baraka zao. Hakuwa tapeli. Alikuwa mcha Mungu, mwenye bidii na elimu nyingi, na karibu kila alichokifasiri kilikuwa si kweli. Kwa takriban miaka 1,400 mawe yale yalitazamwa, yakasifiwa, yakaogopwa, yasisomwe.

Ndiyo maana roho yangu huumia ninapomsikia mwalimu wa darasa la leo akisema kwamba sarufi ni mambo ya wazungu, na kwamba Mwafrika ataijua maana kwa kutafakari tu. Njia hiyo ya kutafakari bila kusoma ilijaribiwa na Wazungu wenyewe, kwa karne nyingi, ikawatupa jangwani. Kwa nini mtoto wa Afrika arithishwe kosa la Kircher kwa jina la ukombozi?

Ufunguo uliotunzwa kwa sala

Wapo watakaodhani natetea chuo kikuu dhidi ya ibada. Hapana. Historia hiyohiyo inatuonyesha kwamba bila ibada ufunguo wa maandishi haya usingepatikana.

Watu wengi wanalijua jiwe la Rosetta. Lilipatikana Julai 1799 karibu na mji wa Rashid, likiwa na amri ya makuhani ya mwaka 196 kabla ya Kristo, imeandikwa kwa hieroglifu, kwa mwandiko wa kawaida wa Kimisri, na kwa Kigiriki. Waingereza walilichukua kutoka kwa jeshi la Ufaransa, na tangu 1802 limo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Tarehe 27 Septemba 1822, Jean-François Champollion alitangaza jijini Paris namna maandishi hayo yanavyosomeka. Hayo husimuliwa mara nyingi. Lisilosimuliwa sana ni kwamba jiwe peke yake halikutosha. Champollion alikuwa amejifunza Kikopti tangu ujana wake, na mmoja wa waliomfundisha alikuwa Yuhanna Chiftichi, padri Mkopti kutoka Misri aliyekuwa akiishi Paris.

Kikopti ndiyo lugha ya mafarao katika umri wake wa mwisho, imeandikwa kwa herufi za Kigiriki pamoja na chache za nyongeza. Kiarabu kilipoenea katika masoko na majumba ya Misri, Kikopti kilirudi nyuma hadi kikabaki katika midomo ya makasisi na waimbaji wa kanisa. Kwa karne na karne waumini walisimama ibadani wakaimba maneno ambayo mtaani hayakusemwa tena. Walikuwa wanamwomba Mungu, na kwa kufanya hivyo wakaiokoa lugha. Makanisa ya Kikopti yapo leo Marekani, na yapo hata Nairobi. Mwenye darasa la hieroglifu angefanya vyema kuwapeleka wanafunzi wake wakasikilize misa hapo, wakiingia kwa adabu kama wageni. Watasikia jamaa wa karibu zaidi wa lugha wanayoichora madaftarini.

Hapa pana jambo lingine la uaminifu ambalo mwalimu hapaswi kulificha. Wamisri wa kale waliandika konsonanti na kuacha irabu. Neno la "zuri" liliandikwa kwa N, F na R. Wataalamu hutia E katikati ili lipate kutamkika, wakasema "nefer", lakini hiyo ni desturi ya darasani tu. Kikopti hutusaidia kukisia irabu za zamani, nacho hakitupi zote. Basi mwalimu anayewaimbisha wanafunzi wake na kuwaambia kwamba mtetemo wa sauti hiyo ndio uleule wa makuhani wa kale, amewaahidi asicho nacho. Waimbe, ndiyo. Waimbe wakijua wanachokiimba.

Wafu wanaoomba kusomewa

Sasa nifike kwenye kiini cha hoja yangu. Nenda kwenye makumbusho yoyote yenye vitu vya Misri. Chicago ipo moja, katika chuo kikuu cha jiji hilo, kwenye taasisi iliyoanzishwa na James Henry Breasted mwaka 1919. Humo utakuta mawe ya kumbukumbu ya watu ambao hawakuwa wafalme: mtunza ghala, mwandishi wa mahesabu, mama wa nyumba. Juu ya mengi ya mawe hayo imeandikwa dua moja yenye mpangilio ule ule kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Hutaja sadaka inayotolewa kwa jina la mfalme kwa mungu Osiris, kisha hutaja mkate na bia, ng'ombe na ndege, vyombo vya alabasta na nguo, na mwisho hulitaja jina la marehemu ambaye vitu hivyo vinaombewa vimfikie.

Baadhi ya mawe huongeza neno la moja kwa moja kwa mpita njia. Marehemu humwomba aliye hai asimame kidogo, aitamke dua ile, kwani haimgharimu kitu ila pumzi ya kinywa chake. Wamisri waliamini kwamba jina likitamkwa, mwenye jina huendelea kuishi, na mkate ukitajwa, marehemu hula.

Fikiri maana yake kwa mtu anayetafuta roho katika maandishi haya. Jiwe halikuombi uvae hirizi. Halikuombi ulipe ada ya kuingizwa katika siri. Linakuomba usome, tena kwa sauti, tena usikosee jina. Ibada yenyewe ni kusoma. Je, mwanafunzi aliyefundishwa kwamba mkate ni ishara ya mwili wa ulimwengu na maji ni ishara ya fahamu, atawezaje kulitii ombi hilo? Atasimama mbele ya jiwe na moyo mwema uliojaa, na mtunza ghala wa watu hatapata mkate wake.

Habari njema ni kwamba lengo hili halipo mbali. Dua ile ina maneno machache yanayorudiarudia. Mwaka 1998 Mark Collier na Bill Manley walitoa kitabu cha kujifunzia kilichowalenga watu wa kawaida, na mafunzo yake yamejengwa juu ya mawe ya namna hiyo. Mtu mzima mwenye kazi na familia, akikaa na daftari lake kila jioni kwa muda mfupi na kila wiki akakutana na wenzake, baada ya miezi kadhaa atasimama mbele ya jiwe na kulisoma jina la mtu aliyekufa miaka elfu nne iliyopita. Haba na haba hujaza kibaba. Nimeona nyuso za watu walipofika hapo kwa mara ya kwanza, na nakwambia, msomaji wangu, hakuna mahubiri yanayoweza kufanya kazi ile.

Yanayoingia na kutoka nyumbani

Kuna watakaosema: acha watu waamini watakavyo, inamdhuru nani? Inadhuru nyumba za watu, na hasa nyumba za watu wasio na fedha nyingi.

Palipo na kiu na pasipo elimu, mfanyabiashara hukaa mlangoni. Utaona vidani vyenye jina la mtoto "kwa lugha ya mafarao", kumbe herufi zimegeuzwa. Viumbe katika hieroglifu hutazama mwanzo wa mstari, na mchongaji asiyejua hilo huyapanga maneno yakasomeka kinyume. Utaona watu wamejichora mwilini maneno yasiyo na maana, na wino huo haufutiki. Utasikia "usomaji wa siri" unaouzwa kwa saa, ngazi juu ya ngazi, kila ngazi na bei yake. Mama anayelipa fedha hizo huzitoa kwenye kodi ya nyumba na chakula cha watoto. Angefundishwa alama ishirini na nne tu na mwelekeo wa mstari, angegundua mwenyewe kwamba kidani hakisemi kinachodaiwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Elimu ya kusoma ndiyo kinga ya mfuko wake.

Tena anayesoma hufunguliwa nyumba za Wamisri wenyewe, na humo kuna mafunzo ya kiroho kuliko mafumbo yote. Katika kijiji cha Deir el-Medina, walikoishi mafundi waliochimba makaburi ya wafalme, waliandika kwa mwandiko wao wa haraka juu ya vigae na vipande vya mawe. Kipo kipande cha mwaka wa 40 wa utawala wa Ramesses II kinachoorodhesha watoro wa kazini na sababu zao: huyu ameumwa na nge, yule anatengeneza bia, mwingine anamzika jamaa yake. Wakati wa Ramesses III, mwaka wa 29 wa utawala wake, mafundi wa kijiji hichohicho waliacha kazi wakaketi nyuma ya mahekalu kwa sababu posho yao ya nafaka ilikuwa imechelewa, na njaa imewashika. Mtu anayefanya kazi usiku katika hospitali ya Chicago akisoma habari hiyo, hukutana na ndugu zake. Anaona kwamba haki aliyoitafuta katika Maat ilidaiwa kwa mdomo na wenye njaa.

Zipo pia barua walizowaandikia wafu wao, nyingine ndani ya bakuli la udongo. Katika bakuli moja lililo Cairo, mwanamke anamwandikia marehemu juu ya mjakazi aliye mgonjwa, na kumuuliza kwa nini haitetei nyumba yake. Ni mara ngapi katika nyumba zetu, wakati wa maradhi au ugomvi wa mirathi, mtu amesikika akimsemesha babu aliyekwisha kuzikwa? Barua hizo hazihitaji kupambwa na fumbo lolote. Zinahitaji mtu wa kuzisoma.

Na watoto je? Mtoto anayemwona bibi yake akihangaika na herufi ngumu, akikosea, akifuta, akirudia, hujifunza kwamba maarifa hayana umri na hayana njia ya mkato. Mtoto anayemwona bibi akipokea "siri" kutoka kwa mtu asiyeulizwa maswali, hujifunza kutokuuliza. Nyumba hizo mbili hazitalea vijana wa aina moja.

Ukweli kuhusu undugu

Mara kwa mara mtu katika madarasa haya huniambia kwa furaha kwamba Kiswahili ni mtoto wa lugha ya mafarao. Naelewa upendo ulio nyuma ya neno hilo, na kwa ajili ya upendo huo nasema ukweli. Kiswahili ni lugha ya Kibantu. Kimisri cha kale wataalamu wengi wa lugha hukiweka katika jamii nyingine, iliyo kubwa na ya Kiafrika pia: pamoja na Kihausa, Kisomali, Kioromo, Kiamhari, Kiberberi na Kiarabu. Diop na Obenga walilipanga jambo hili kwa namna yao, na mjadala wao ni wa kusomwa kwa heshima.

Hata hivyo mpangilio huo wa wengi hauitoi Afrika Mashariki nje. Wairaqw wa Mbulu na Karatu, kaskazini mwa Tanzania, wanasema lugha ya Kikushi, ambayo kwa mpangilio huo ni jamaa ya mbali ya lugha iliyochongwa katika piramidi ya mfalme Unas yapata mwaka 2350 kabla ya Kristo. Kadhalika Waborana na Warendille wa Kenya. Anayetafuta undugu wa kweli hahitaji kuubuni. Upo, na umekaa mahali ambapo wengi hawakutazama. Tukumbuke pia Wamisri wa leo, Waislamu kwa Wakopti, wanaolima kandokando ya mto uleule. Urithi huu ni wao kabla ya kuwa wa mgeni yeyote, na darasa linalowasahau limeanza vibaya.

Na sisi tunasoma nini?

Lawama zisiwaendee watu wa Chicago peke yao. Lamu, Mombasa, Pemba, Unguja, Kilwa, ziko nyumba ambazo ndani ya sanduku la bibi kuna karatasi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu: barua, wasia, hesabu za biashara, tenzi. Hati ya Utendi wa Tambuka ni ya mwaka 1728. Hati nyingine nyingi zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika nyaraka za Zanzibar. Babu zetu walisoma na kuandika hivyo kwa karne kadhaa. Wangapi kati yetu leo, hata tuliopita chuoni tukajua alifu kwa kijiti, tunaweza kukaa na barua ya bibi tukaisoma hadi mwisho? Wasia usiosomeka huzaa kesi. Karatasi isiyosomeka huliwa na mchwa, au huuzwa kwa mtalii.

Chuoni tulianzia herufi. Hakuna maalimu aliyemfasiria mtoto aya kabla mtoto hajaijua fatha na kasra. Wazee wetu walijua kwamba heshima kwa neno takatifu huanzia kwenye kulitamka sawasawa. Kanuni hiyo ndiyo ninayowatakia walimu wa Misri ya kale, na ndiyo ninayotutakia sisi wenyewe.

Basi walimu wa madarasa ya Jumamosi, endeleeni kumwaga maji na kuwataja wahenga, lakini wekeni sarufi mezani. Wafundisheni watu alama zenye sauti, irabu zisizoandikwa, mwelekeo wa mstari na ile dua ya sadaka, kisha wapelekeni makumbusho wakasome kwa vinywa vyao. Mwanafunzi akiuliza jambo msilolijua, mwambieni tutafute pamoja. Wasomi wa vyuo vikuu, fungueni milango yenu siku za Jumamosi. Watu hawa wamewafuata kwa miguu yao, na wana subira kuliko wanafunzi wengi wanaolipa karo. Nasi wa pwani tufungue masanduku ya bibi zetu, tukae na wazee wachache wanaoweza bado kusoma khati zao, tuwafundishe watoto kabla wazee hao hawajaondoka. Misri ilishawahi kumpoteza msomaji wake wa mwisho. Ikachukua miaka 1,400 kumpata mwingine, na sisi hatuna sababu ya kungoja hivyo.